Mafuta ya Mbalizi, Jasho la Kyela

Mkoa wa Mbeya unaweza kumvalisha mtu koti asubuhi na kumvua shati mchana bila yeye kutoka nje ya mkoa. Anayeondoka Mbalizi alfajiri ya mwezi Julai, baridi ya usiku ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 10, hupanda gari amejikunyata, mikono ameificha kwapani. Gari hupita mjini, hufika Uyole, hupandisha milima ya Uporoto hadi Isyonje ambako ukungu hutanda kwenye vioo, kisha huanza kuteremka: Kiwira, Tukuyu, chai upande huu, migomba upande ule. Wakishaiacha Tukuyu, abiria huanza kufungua zipu. Wakifika Kyela, kwenye tambarare ya mpunga na kakao inayoelekea Ziwa Nyasa, makoti yako mapajani na leso ziko shingoni. Ni mwendo wa saa chache tu, lakini kutoka mgongo wa Uporoto mwili umeshuka zaidi ya mita 1,000 na umeingia kwenye hewa nyingine kabisa.

Nimeipita njia hiyo kwa miaka mingi, nikifuata mchele na nikimfuata mdogo wangu aliyeolewa huko. Katika kupanda na kushuka nimeona kwamba ngozi ndiyo hutangulia kujua kuwa tumehama. Akili hufuata. Mazoea huja nyuma kabisa, tena mara nyingi huja kwa kuburutwa.

Kwetu Mbalizi adui wa ngozi ni ukavu. Mvua zikikatika mwezi Mei, upepo wa mlimani huanza kazi yake, na hewa ya baridi haibebi unyevu wa kutosha kumsaidia mtu. Ngozi inapauka, midomo inapasuka, visigino vinaota magaga yanayochana shuka usiku. Mama yangu aliuza karoti na viazi sokoni kwa muda mrefu wa maisha yake, na karoti huoshwa kabla ya kupangwa. Maji ya baridi ya alfajiri yalimchana vidole kwenye viungo, na kila jioni alikuwa akivipaka mafuta mazito huku akihesabu fedha za siku kwa ncha za vidole, ili noti zisichafuke.

Kwa hiyo sisi tulilelewa ndani ya mafuta. Kabla ya kwenda shule tulipangwa mlangoni, kopo la mafuta ya mgando likapita kutoka uso hadi uso, magoti yakasuguliwa, miguu ikang'aa. Mtoto aliyepauka alikuwa aibu ya mama yake. Majirani wangeweza kusamehe viraka kwenye kaptula, lakini magoti ya kijivu yalitangaza kwamba nyumbani kwenu hakuna anayekutazama unapotoka.

Na akina mama wale walikuwa sahihi. Mafuta ya mgando hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Mmarekani Robert Chesebrough aliyasajili kama ugunduzi wake mwaka 1872, na tangu hapo dunia imetengeneza vipodozi vya kila namna bila kupata kitu kinachoyashinda kwa urahisi katika kazi yake moja. Kazi hiyo ni kuyazuia maji yaliyomo kwenye ngozi yasitoroke hewani. Hayaongezi maji, yanalinda yaliyopo. Ndiyo maana hufaa zaidi yakipakwa mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, na ndiyo maana anayeoga maji ya moto sana kwa sababu ya baridi, kisha akakaa nusu saa kabla ya kujipaka, huwa amekwisha kupoteza alichotaka kukilinda. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mafuta haraka: hiyo ndiyo hekima ya nyanda za juu, na mtu yeyote wa Mbalizi, Njombe au Makete anaijua hata kama hajawahi kuisoma popote.

Shida huanza pale hekima hiyo inapopanda gari la Kyela.

Kule chini mwili una kazi nyingine. Ngozi ya mtu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na anayelima au kubeba mizigo kwenye joto kali anaweza kutoa zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Lakini jasho halimpozi mtu kwa kutoka. Humpoza kwa kukauka. Wazee wetu waliitumia kanuni hiyo kwenye mtungi wa udongo: maji hupenya kidogo kidogo kwenye kuta zake, hukauka kwa nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Upake mtungi huo mafuta kwa nje, kisha uuweke kwenye chumba chenye mvuke, na mchana utakunywa maji ya vuguvugu.

Hewa ya Kyela imeshiba unyevu. Jasho hutoka, likakosa pa kwenda, likachuruzika mgongoni na kuondoka bila kupoza chochote. Ngozi inayokaa imelowa huvimba kidogo, vitundu vya jasho vikaziba, na jasho linalozalishwa ndani likamwagikia chini ya ngozi badala ya kutoka juu. Hapo ndipo harara huzaliwa: vipele vidogo vinavyochoma kama ncha za sindano, shingoni, mgongoni, chini ya matiti, kwenye mikunjo ya viwiko, popote nguo inapobana. Ukiongeza mafuta mazito juu yake, umekiziba hata kile kitundu kilichokuwa bado kinapumua.

Mwili wenyewe, ukiachwa, hujifunza. Mtu wa baridi akishuka kwenye joto, katika wiki moja au mbili huanza kutoka jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na chumvi anayoipoteza kwenye jasho hilo hupungua. Hajamwomba mtu ruhusa, hajanunua kitu. Tunaochelewa ni sisi wenye mikono, kwa sababu mikono imefundishwa na mama, na aliyefundishwa na mama hapendi kuulizwa.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi Novemba, wakati joto la Kyela huvuka nyuzi 30 na mvua zinanukia. Mama alifunga safari kwenda kumlea mzazi, kama ilivyo desturi, na mimi nikamsindikiza. Mzigo wake ulikuwa wa Mbalizi mtupu: sweta tatu za kufuma, kofia za sufu, soksi, shali nzito, na kopo kubwa la mafuta ya mgando. Mtoto akavishwa, akapakwa, akafunikwa, akafungwa. Alipendeza kweli. Katika wiki ile ile akaanza kulia kilio cha kukereka, na alipofunuliwa, shingo na kifua vilikuwa vimejaa vipele vyekundu.

Tulimpeleka kliniki. Nesi aliyetupokea alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umetokea wapi, bibi?”

“Mbalizi.”

Nesi akatabasamu. “Nilijua. Bibi, mtoto haumwi. Mtoto amevaa Mbalizi, na yuko Kyela. Mvue sweta, mvue soksi na hiyo kofia. Mwogeshe maji ya kawaida, umkaushe kwenye mikunjo ya shingo na kwapa, kisha umwachie kinguo kimoja chepesi cha pamba. Mafuta yasubiri mpaka vipele vipotee.”

“Na poda je? Si itamkausha?”

“Poda iache, bibi. Vumbi lake linaingia kifuani. Ila akipata homa, au vipele vikaanza kutoa usaha, mlete siku hiyo hiyo, usingoje kesho.”

Njiani mama hakusema neno. Nilimwelewa. Kwenye baridi yetu, mtoto aliyeachwa wazi ni mtoto aliyetelekezwa, na kifua chake kitalia usiku. Mikono iliyolea watoto mwezi wa Julai kule juu haiwezi kuamini mara moja kwamba kumvua mtoto ni namna ya kumtunza. Lakini tulipofika alimvua. Mchana alimlaza kwenye mkeka kivulini, akakaa pembeni akimpepea kwa kipande cha boksi, na jioni alimwita jirani, mama wa makamo aliyezaliwa hapo hapo Kyela, akamuuliza wao huku huwafanyaje watoto. Jirani alieleza kwa kirefu: kuwaogesha mara nyingi kwa maji bila sabuni kila mara, kuwabadilisha kinguo kilicholowa jasho, kutowabeba mgongoni jua likiwa kali. Mama alisikiliza kama mwanafunzi, kisha akasema, “Kumbe huku mtoto hutunzwa kwa kuvuliwa.” Jirani akacheka, akamshukuru kwa Kinyakyusa: “Ndaga fijo, mama, umetuelewa.” Baada ya siku chache shingo ya mjukuu ilikuwa laini.

Nimelitafakari sana lile neno la mama. Upendo wa kwetu ulikuwa umejengwa juu ya kuongeza. Blanketi jingine, chakula kingine, safu nyingine ya mafuta. Kule alikuta upendo uliojengwa juu ya kupunguza, na kwa mtu aliyezoea kuongeza, kupunguza hufanana sana na uvivu. Ninaona jambo hilo hilo nje ya ngozi. Wapo wazazi wanaomwongezea kijana nasaha wakati alichohitaji ni nafasi. Wapo wanandoa wanaoongeza zawadi pale ambapo kilichotakiwa ni kuondoa maneno makali. Mtu hutoa anachojua kutoa, kwa moyo mweupe kabisa, na anayepokea anatokwa na vipele.

Lakini ningekuwa mwongo nikiishia hapo na kusema kupunguza ndiyo siri ya maisha. Mwaka uliofuata mama mkwe wa mdogo wangu alipanda kuja kututembelea Mbalizi, naye alikuja na mjukuu amemvika kama wanavyovikwa kwao, mikono wazi, miguu wazi, na ilikuwa Juni. Safari hii ni mama yangu aliyefungua sanduku la masweta, na alikuwa na haki zote.

Hata mafuta yenyewe hayana hukumu moja. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ni mji wa joto na unyevu kama Kyela, na huko madaktari waliwapaka mafuta ya alizeti watoto njiti waliolazwa hospitali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba maambukizi yalipungua kwa watoto waliopakwa. Ngozi ya njiti bado haijakomaa, inapitisha vijidudu na kupoteza maji, kwa hiyo kwake yeye mafuta yalikuwa ukuta aliokosa. Mjukuu wetu alizaliwa kwa miezi yake kamili, ukuta wake alikuwa nao, na sisi tulikuwa tunaziba madirisha yake. Joto ni lile lile, mafuta ni jamaa moja, na majibu mawili yanapingana kwa sababu watoto ni wawili. Kila mtoto na koja lake, walisema wahenga, na sidhani walikuwa wakizungumzia mapambo tu.

Joto lenye unyevu humfundisha mtu pia kutofautisha kinachofanana. Mgeni wa Kyela aliyeota vipele huita kila kitu fangasi, na aliyeota fangasi hudhani ni uchafu. Utangotango, yale mabaka meupe au ya kahawia kifuani, mgongoni na shingoni, hutokana na fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu bila kumsumbua. Wanakula mafuta ya ngozi. Joto, jasho na mafuta ya kujipaka vikikutana, wanazaliana. Anayejisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia akidhani anaondoa uchafu anajichubua bure, maana ngozi yenye afya ina uchachu kidogo unaoilinda, na sabuni kali huuvuruga. Dawa ya fangasi huwaua, lakini rangi ya ngozi huchukua wiki au miezi kurudi, na wengi hukata tamaa katika kipindi hicho cha kungoja, wakidhani dawa imeshindwa. Kwenye vidonda vingine vya maisha pia, kupona hutangulia na dalili ya kupona huchelewa.

Choa ni kitu kingine: mabaka ya duara yenye kingo zilizoinuka, yanayowasha, na huambukizwa kwa taulo, nguo na matandiko ya kuchangia. Mkulima wa mpunga anayeshinda maji yakiwa kifundoni, na dereva wa lori anayevaa buti kutwa nzima kwenye barabara ya Tunduma, wote wawili huoza katikati ya vidole vya miguu, mmoja kwa maji ya shamba na mwingine kwa jasho lake mwenyewe. Tiba yao ya kwanza haiuzwi dukani: kukausha vidole kimoja kimoja, kubadilisha soksi, kuanika viatu juani, kutovaa nguo iliyolowa hadi ikaukie mwilini. Anayeanza dawa ya kupaka aendelee nayo kwa muda alioelekezwa hata kama mabaka yametoweka, kwa kuwa kutoweka kwa macho si kutoweka kwa fangasi.

Hapa ndipo panapofanyika kosa linalowagharimu watu wengi. Mtu anawashwa, anaingia dukani, anapewa tyubu. Ndani yake mara nyingi mna steroidi kali, betamethasoni au klobetasoli, na usiku ule ule kuwashwa kunatulia. Anaisifia kwa jirani. Lakini steroidi haiui fangasi. Inaizuia ngozi isilalamike, na fangasi wanaendelea kutambaa kimya kimya, wakibadilika sura hata daktari apate kazi kuwatambua. Akiitumia miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika michirizi, mishipa inaonekana, chunusi zinaota. Dawa hiyo ina kazi zake za halali, ukurutu ukiwa mmojawapo, kwa maelekezo ya mtaalamu na kwa siku zinazojulikana. Tatizo ni kuipenda kwa sababu inanyamazisha. Muwasho ni ujumbe, na anayemnyamazisha mjumbe bado hajajua habari aliyoletewa.

Tyubu hizo hizo ndizo wengine huzichanganya kutengeneza mkorogo. Hapa sitazunguka: katika kila soko la barabara kuu nililopita, yupo anayeuza weupe. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilianzisha Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vikapigwa marufuku nchini. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa kazi ya Shirika la Viwango, TBS. Marufuku ipo na mkorogo upo, kwa sababu kinachouzwa pale ni zaidi ya krimu. Binti anauziwa wazo kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ni kosa la kurekebishwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mkorogo hutembezwa hadi mlangoni.

Ukiutazama kwa jicho la mahali, mkorogo ni hasara tupu. Melanini, ile rangi inayotuweka weusi, ni kinga ya jua tuliyopewa bila malipo. Watafiti wa Marekani waliopima ngozi mwaka 1979 waliona kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi linakinga miale inayounguza kwa kipimo cha kinga ya jua (SPF) cha takribani 13, na la ngozi nyeupe kwa takribani 3. Mtu anayejichubua katika nchi iliyo karibu na Ikweta anabomoa paa wakati jua liko utosini, tena kwa fedha zake. Zebaki nayo haibaki kwenye ngozi. Huingia mwilini na kudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta kinyume cha kilichotafutwa, madoa meusi ya bluu usoni ambayo ni vigumu kuyaondoa. Joto la Kyela au Dar es Salaam huongeza adhabu, maana ngozi iliyokonda kwa steroidi huungua, huwasha na kushika maambukizi kwa urahisi pale pale inapotoka jasho jingi.

Kuhusu jua, nyanda zetu za juu zina hila yake. Tunaamini jua kali liko kule chini kwenye joto. Lakini miale inayounguza ngozi haipimwi kwa jasho. Huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa ya kuizuia hupungua. Mtu anayeota jua Mbalizi mwezi Juni, mgongo ukutani, akifurahia vuguvugu baada ya usiku wa baridi, hupokea miale mikali kuliko anavyohisi. Joto humwonya mtu; baridi humbembeleza.

Kwa wengi wetu hilo si hatari kubwa. Kwa mwenye ualbino ni suala la uhai. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino kwa kulinganisha na idadi ya watu, makadirio yanayotajwa mara nyingi yakiwa mtu mmoja katika kila 1,400, na saratani ya ngozi huwakuta wakiwa bado vijana. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 13 Juni kuwa siku yao, na kwetu tarehe hiyo huangukia katikati ya msimu wa kuota jua, wakati ambapo mtoto mwenye ualbino huambiwa na wenzake atoke nje apashe mwili joto. Huko Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kumekuwa kukitengenezwa krimu ya kukinga jua kwa ajili yao, Kilisun, na baadhi ya waliofanya kazi ya kuitengeneza wana ualbino wenyewe. Ni mfano mzuri wa dawa iliyotengenezwa kwa kuwatazama watu wa hapa na jua la hapa. Lakini hata krimu hiyo huyeyuka kwa jasho, na anayeshuka nayo kwenye joto lazima aipake tena kila baada ya saa mbili hivi, na asiiache kofia pana wala mikono mirefu. Msaada ule ule, sehemu mbili, masharti mawili.

Basi siku hizi mtu akiniomba ushauri juu ya ngozi yake, na wadogo zangu wanaotoka Mbalizi kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Tanga au Muscat huuliza sana, sianzi na jina la mafuta. Nauliza maswali. Utaishi wapi? Chumba kina dirisha? Kazi yako ni ya jikoni, ya ofisini, au ya juani? Maji yapo ya kuoga mara mbili? Unavaa sare ya kitambaa gani? Wengine huona nazunguka, wanataka niwatajie kopo. Lakini anayejua majibu ya maswali hayo amekwisha kupata zaidi ya nusu ya tiba: nguo ya pamba isiyobana, kuoga jasho likizidi na kutumia sabuni zaidi pale penye mikunjo, mafuta mepesi na machache sehemu zinazokauka tu, maji ya kunywa, kujikausha vizuri, na kwenda hospitali mapema kwa kitu kisichoeleweka kabla ya kukipaka kila kitu kilichopo nyumbani.

Mawazo haya nayapeleka kwenye ushauri wa kila aina. Maneno mengi tuliyoachiwa na wazee ni ya kweli, na yalizaliwa mahali fulani, kwenye baridi fulani, kwenye njaa fulani. Aliyesema usimwamini jirani alikuwa na jirani yake. Aliyesema weka fedha chini ya godoro alikuwa na benki ya zama zake. Kuyatupa maneno hayo ni ujinga, na kuyavaa bila kutazama uko wapi ni ujinga wa pili. Heshima kwa mzee ni kuuliza neno lake lilikuwa likilinda nini, kisha kukilinda kitu hicho kwa namna ambayo mahali pako panaruhusu. Mama hakuacha kumtunza mjukuu alipoweka sweta pembeni. Alilitunza lengo, akabadilisha njia.

Na alifanya hivyo akiwa na wajukuu, mbele ya nesi ambaye umri wake ni wa binti yake wa mwisho, na hakuona kwamba amevunjiwa heshima. Sisi tulio na elimu kumzidi, na simu mkononi inayotupa habari za dunia nzima, bado tunabeba makopo yetu ya Mbalizi kila tunakokwenda na kuwapaka watu wasiowashwa na baridi. Tukiona wametoka vipele, tuanze kwa kuwauliza wanaishi wapi.